MZEE WA MALOLO KASEMA KWELI, STAA NDO KACHEMSHA

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu wikendi na watu wanacheka mpaka machozi. Staa mmoja wa kike, jina kapuni, mzee wa kula bata (wenyewe mnamjua), alienda Mikumi na kundi lake kuangalia wanyama, wakapitiliza Ruaha Mbuyuni hadi Malolo kununua vitunguu. Hapo hapo mbele ya magunia akafungua chupa nyeusi aliyoletewa kutoka Marekani. Stauti iliyolazwa kwenye pipa la whisky, asilimia 14. Akanusa, akafumba macho, akasema anasikia "chokoleti, vanila na karameli". Kisha akammiminia mzee mmoja mkulima, bila hata shikamoo, kamera iko puani kwake.

Mzee akaonja, akakunja uso. "Mwanangu, hii mmeiunguza. Inanukia ubao wa moto."

Vicheko! Juu ya video wakaandika: MSHAMBA KAKUTANA NA BIA YA KISHUA.

Sasa ngoja kwanza. Mzee kakosea wapi?

Sheria ya Marekani inataka whisky yao ya bourbon ikae kwenye chombo kipya cha mti wa mwaloni, kilichounguzwa ndani kwa moto. Kwa kuwa lazima kiwe kipya, pipa likishatumika mara moja bourbon haiingii tena humo, linauzwa. Wenye bia wanalinunua, wanajaza stauti, wanaiacha miezi na miezi, wengine karibu mwaka mzima. Mtindo huu ulipata jina Chicago miaka ya 1990, kwenye kiwanda cha Goose Island. Ile vanila ambayo staa kafumbia macho inatoka kwenye huo huo ubao ulioungua. Na weusi wa stauti unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa kama kahawa. Yaani kuna kuunguza mara mbili humo ndani, na mzee kazipata kwa funda moja, hajasoma chochote.

Staa je? Irudie klipu taratibu. Kabla hajafumba macho anageuza chupa, anasoma nyuma. Kasoma lebo, akaitapika kwenye kamera. Halafu mshamba ni mzee!

Na huo ukishua wenyewe una kichekesho chake. Goose Island ilinunuliwa mwaka 2011 na Anheuser-Busch, ambayo ni ya AB InBev. Mwaka 2016 AB InBev wakainunua SABMiller, waliokuwa na hisa nyingi za TBL yetu ya Kili na Safari. Kwa hiyo unaringia watu wa Malolo kwa mtindo uliokuzwa na ndugu wa tumbo moja wa Kili ya pale kwa Mangi. Sawa.

Staa huyu huyu ndiye aliyewahi kuposti kwamba pombe za kienyeji ni uchafu na wanaokunywa hawajitambui. Haya. Mtu aliyekunywa komoni miaka arobaini anajua ya leo na ya jana kwa kunusa tu, anajua iliyopikwa na moto mkali na iliyopikwa kwa subira. Huo ni ujuzi. Ukifanywa Ulaya unaitwa kazi na unalipwa mshahara.

Lakini kuna kitu wanaocheka hawajakiona, na ndicho kibaya zaidi. Mwishoni mwa klipu kijana wa bodaboda anapewa chupa ya pili, ya nusu lita, anaambiwa "kunywa, ni kama Guinness tu". Piga hesabu. Nusu lita ya asilimia 14 ina kilevi mililita 70. Bia kubwa ya asilimia 4.5 ina mililita 22 na nusu. Kijana kapewa bia kubwa tatu na zaidi ndani ya chupa moja, tamu kama sharubati, kaimaliza kwa dakika mbili wakimhesabia kwa makofi. Nyuma yake pikipiki inaonekana, na abiria mwenye gunia anasubiri!

Staa na kundi lake wakapanda gari, Iyovi hiyo, Mikumi, mjini. Yule kijana alimfikishaje abiria wake? Hakuna aliyeuliza. Kwenye video imewekwa emoji ya kucheka.

Mzee na kijana hawakuombwa ruhusa ya sura zao kuwa kiki ya mtu, na hela ya watazamaji haijafika Malolo. Klipu ishushwe. Na siku akirudi kununua vitunguu, aanze na shikamoo, aache chupa kwenye buti, na amuulize mzee kingine alichokisikia kwenye lile funda, maana kabla video haijakatwa mzee alikuwa bado anaongea.