Vyuo vikuu vyetu vijengewe baraza

Muhula uliopita, katika chuo ninakofundisha, bawabu aliwafukuza wanafunzi wangu ngazini. Kosa lao? Walikuwa wameketi wakibishana ni kwa nini Mswahili husema "rafiki yangu mwema" wala hasemi "rafiki wangu mwema". Ngazi ni njia, akawaambia. Je, waende wapi? Darasa lilikwisha kufungwa, maktabani hata kunong'ona ni mwiko, na ujia wa jengo letu hauna kiti hata kimoja. Mjadala ukafa papo hapo.

Simlaumu bawabu, alitii amri. Nawalaumu waliochora jengo lile wakidhani kwamba elimu hupatikana tu pale mhadhiri anaposimama mbele ya ubao. Kwao, kila futi mraba isiyo darasa wala ofisi ni hasara.

Sisi wanaisimu tuna sababu ya kupinga dhana hiyo. Mnamo mwaka wa 1943, vita vikiwa vimepamba moto, chuo cha MIT nchini Marekani kilijenga jengo la mbao la orofa tatu kwa ajili ya utafiti wa rada. Lilikusudiwa kuwa la muda, lakini likadumu hadi 1998. Humo ndimo walimokuwa na ofisi Noam Chomsky na Morris Halle, wakipakana na wahandisi na wataalamu wa fani nyingine. Jengo lenyewe halikuwa na sura. Hata hivyo, katika zile nyia zake ndefu watu wa taaluma mbalimbali walikutana bila miadi, na aliyetaka kutoboa ukuta alitoboa!

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Nyumba za kale za Lamu zina daka mlangoni, lenye viti vya mawe ambapo mwenyeji, jirani na mgeni huketi wakazungumza. Neno "baraza" hubeba maana zote mbili: mahali pa kuketi, na watu wanaokutana kushauriana. Mafundi wa Lamu walilijua hilo bila shahada.

Sasa chuo chetu kinapanga kujenga jengo jingine, na michoro ingali mezani. Naiomba kamati ya ujenzi iongeze viti vya saruji kando ya kila ujia, na ubao mmoja ukutani kila orofa. Wapo watakaosema kwamba kelele zitawasumbua wenye ofisi. Mimi ni mmoja wa wenye ofisi hizo.