Ruzuku za Ugenini na Pamba ya Zagayu

Mkulima wa Zagayu, katika nchi ya pamba mkoani Simiyu, hupanda kwa mvua za Novemba na Desemba, hupalilia, hupiga dawa, na ifikapo Mei au Juni hupeleka mzigo wake kwenye mizani ya chama cha msingi. Hapo huambiwa bei. Mzizi wa bei hiyo hauko Zagayu, wala Bariadi, wala Dar es Salaam. Uko katika soko la dunia, ambako pamba yake hukutana na pamba ya mkulima wa Texas ambaye serikali yake humfidia bei inapoanguka. Husemwa kwamba watu hawa wawili wanashindana. Neno hilo lafaa lichunguzwe kabla ya kukubaliwa.

Ruzuku yenyewe si dhambi. Tanzania nayo imekuwa ikiwasaidia wakulima wake wa pamba kwa pembejeo, na hakuna mwenye akili timamu atakayelilaumu taifa kwa kumtia nguvu mtu wake mnyonge. Tatizo huanza pale msaada wa serikali moja unapomwumiza mkulima wa serikali nyingine. Ndiyo maana Mkataba wa Ruzuku wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kazi mwaka 1995, ulipiga marufuku ruzuku inayotolewa kwa sharti la kuuza bidhaa nje, na ile inayotolewa kwa sharti la kutumia bidhaa za ndani badala ya zile za kigeni. Nchi maskini kabisa zilisamehewa katazo lile la kwanza. Ruzuku nyingine ziliruhusiwa, lakini nchi inayodhurika ilipewa haki ya kushtaki.

Haki hiyo ilitumiwa na Brazil. Mwaka 2002 nchi hiyo iliishtaki Marekani kwa ruzuku zake za pamba. Mwaka 2004 ikashinda, na mwaka 2005 rufaa ya Marekani ikashindwa. Benin na Chad zilijiunga na shauri hilo kama nchi zenye maslahi. Aidha, mwaka 2003 nchi hizo mbili, pamoja na Burkina Faso na Mali, zilikuwa zimepeleka kilio chao mbele ya mataifa yote, zikieleza jinsi ruzuku za matajiri zinavyowafukarisha wakulima wa Afrika. Shauri lilikwisha kwa mapatano mwaka 2014, Marekani ikakubali kulipa dola milioni 300. Fedha hizo zilikwenda Brazil. Mkulima wa Benin hakupata hata senti moja katika mapatano hayo, ingawa jua lililomchoma shambani halikuwa dogo kuliko la mwenzake wa Brazil.

Yafaa kuuliza kwa nini. Brazil haikuwa na haki zaidi ya Benin. Ilikuwa na wanasheria, ilikuwa na wachumi, na zaidi ya yote ilikuwa na takwimu zilizoonyesha mwaka kwa mwaka jinsi ruzuku zilivyoikandamiza bei. Ilifika mahakamani na daftari. Wengine walifika na malalamiko, na malalamiko, hata yakiwa ya kweli tupu, hayahesabiwi kuwa ushahidi.

Wala ushindi wa siku moja hautoshi. Mwaka 2015, katika mkutano wa mawaziri uliofanyika Nairobi, mataifa yalikubaliana kuondoa ruzuku za kuuza mazao ya kilimo nje. Lakini ruzuku za ndani, zile zinazolipwa mkulima akiwa shambani kwake, hazikuguswa na uamuzi huo. Mwaka 2018 Marekani ikairudisha pamba katika mpango wake wa kufidia bei, baada ya kuitoa mwaka 2014. Sheria isiyo na mlinzi ni kama shamba lisilo na ua: kila mwenye ng'ombe hupita.

Wenye nguvu hulifahamu jambo hili vizuri, nao hujilinda. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2023 kutumia sheria mpya juu ya ruzuku za kigeni. Kampuni inayoomba zabuni ya serikali huko yenye thamani ya euro milioni 250 au zaidi, ikiwa imepata kutoka nchi moja ya nje msaada wa euro milioni 4 au zaidi katika miaka mitatu iliyotangulia, hulazimika kueleza yote kabla ya kupewa kazi. Msaada huo hauhesabiwi kwa fedha taslimu pekee. Mkopo wa serikali, msamaha wa kodi, hata mauzo kwa taasisi za serikali, vyote huingia katika hesabu. Wanunuzi wa makampuni makubwa nao wana sharti la namna hiyo. Anayekaa kimya aweza kutozwa faini ya hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni moja ya China, tawi la CRRC, iliomba zabuni ya kuiuzia Bulgaria treni 20 za umeme kwa bei iliyokuwa karibu nusu ya bei ya mshindani wake. Wachunguzi wa Ulaya walipoanza kuuliza nusu ile ya pili inalipwa na nani, kampuni hiyo ilijitoa. Ulaya hiyo hiyo, hata hivyo, huwalipa wakulima wa pamba wa Ugiriki na Hispania malipo maalumu kwa zao hilo. Jambo hili halibatilishi sheria yake. Linaonyesha tu kwamba kila taifa hutazama kwanza maslahi yake, na kwamba Afrika Mashariki haina mtu wa nje atakayeitazamia yake.

Sheria hazikosekani huku. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inazungumzia ruzuku na ushuru wa kuzifidia. Lakini ushuru wa namna hiyo hulinda soko la ndani dhidi ya bidhaa zinazoingia. Pamba ya Simiyu kwa sehemu kubwa huuzwa nje, kwa hiyo ushuru wa mpakani hauwezi kuiokoa. Njia yake ni ile ya Brazil: kuthibitisha madhara katika soko la dunia. Gharama ya wanasheria si kisingizio kamili, kwani tangu mwaka 2001 kipo Geneva kituo cha ushauri wa sheria za biashara duniani ambacho nchi maskini kabisa huweza kukitumia hata bila kuwa wanachama. Kituo hicho chaweza kutoa mwanasheria. Hakiwezi kutoa takwimu za Zagayu.

Ukumbukwe msimu wa mwaka 2019. Bei elekezi ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakasita, na wakulima wakakaa muda mrefu wakingoja fedha zao. Anguko lile lilikuwa na sababu zaidi ya moja, ikiwemo mivutano ya kibiashara baina ya Marekani na China. Kutenganisha sehemu iliyotokana na ruzuku na ile iliyotokana na mengine ni kazi ya hesabu, na hesabu hiyo huanzia kwenye kitabu cha mizani: kilo ngapi, tarehe gani, bei gani, fedha zililipwa lini.

Hapa ndipo wajibu wa mtumishi wa umma unapoonekana. Afisa ushirika anayeacha kitabu cha chama kikae na kurasa tupu anaharibu ushahidi wa taifa. Mjumbe wa bodi ya zabuni anayeshangilia bei ya chini kupita kiasi bila kuuliza inawezekanaje, huenda anamfukuza fundi mzalendo aliyetaja gharama halali, na bei nafuu ya leo ikawa ghali pindi washindani wote watakapokuwa wamefilisika. Afisa anayetoa msamaha wa kodi kwa mwekezaji hana budi kuuandika kwa usahihi, maana kesho mwekezaji huyo ataulizwa habari zake ugenini. Kuitii sheria kwa namna hiyo si kuwanyenyekea wageni. Mnyonge asiyeweka kumbukumbu hana silaha nyingine.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Mtoto wa Zagayu anayefundishwa hesabu kwa kilo na bei za pamba ya baba yake, akajua kusoma stakabadhi na kuuliza penye kasoro, ndiye karani wa chama wa kesho, na pengine mwanasheria wa kesho kutwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Pamba ya Simiyu imekwisha kupotelewa na mengi, na daftari lake lazima lifunguliwe msimu huu.