Punda Hazaliwi kwa Haraka ya Soko

Wazee walisema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Maneno hayo yaliwezekana wakati ambapo punda mmoja akifa, mwingine alipatikana. Katika miaka ya karibuni hali hiyo imebadilika Afrika Mashariki, na hapana budi wananchi waelewe sababu zake, hasa wale wa wilaya za mpakani kama Isingiro.

Mwezi Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafikiana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ngozi hizo huchemshwa huko China ili kutengeneza ejiao, dawa ya jadi yenye soko kubwa. China yenyewe ilikuwa na punda wapatao milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walipopungua hadi chini ya milioni tatu, wafanyabiashara waligeukia Afrika.

Mtu aweza kuuliza: mbona ng'ombe na mbuzi huchinjwa kila siku wala hawaishi? Jibu limo katika uzazi. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 12 hivi, naye huzaa mtoto mmoja. Mapacha ni nadra sana. Mwanapunda husimama saa moja au mbili baada ya kuzaliwa, na lazima anyonye mapema maziwa ya kwanza ili apate kinga ya maradhi. Huendelea kunyonya kwa miezi ipatayo sita, na hafai kubebeshwa mzigo mzito mpaka afikie umri wa miaka minne hivi. Kwa hiyo pengo la punda anayechinjwa leo haliwezi kuzibwa na mtoto atakayetungwa mimba leo kabla ya miaka mitano kupita.

Kenya ni shahidi wa jambo hili. Mwaka 2012 punda aliingizwa katika orodha ya wanyama wa kuchinjwa, na baadaye machinjio manne yakafanya kazi. Utafiti wa shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo ulionyesha kwamba kati ya 2016 na 2018 punda wapatao 300,000 walichinjwa. Waliochinjwa walikuwa asilimia tano hivi kwa mwaka, hali ongezeko lilikuwa asilimia moja tu. Wizi ulienea, na familia zilizotegemea punda kwa kuchota maji zikarudi kubeba mgongoni. Serikali ilipiga marufuku mwezi Februari 2020, lakini Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo Mei 2021. Tanzania nayo ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022.

Je, haya yanaihusu vipi Kikagate? Ni kweli kwamba punda wengi wa Uganda wako Karamoja na Sebei, na kwamba fahari ya Ankole ni ng'ombe wa pembe ndefu. Lakini Kikagate imetenganishwa na Murongo, Tanzania, na mto Kagera tu. Biashara inayozuiwa ng'ambo moja hutafuta njia ng'ambo ya pili, na sheria ya nchi moja haitoshi.

Kuna sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Isingiro ni wilaya ya ukame. Mkulima wa ndizi na mkimbizi wa Nakivale, awe ametoka Kongo, Burundi au Somalia, wote wana tatizo moja: maji na kuni ziko mbali, na mzigo huo huangukia kichwa cha mwanamke. Punda angeweza kumpunguzia taabu. Lakini bei ya punda ikipangwa na mnunuzi wa ngozi, mnyonge hatampata kamwe.

Wako wanaodhani miaka 15 ni mingi. Na wahesabu. Punda jike akizaa kila baada ya mwaka mmoja na nusu bila kukosa, atapata watoto 10 tu katika muda wote huo, na si wote watakaoishi. Kwa hiyo azimio la Addis Ababa limetupatia nafasi ndogo, wala halikumaliza kazi.

Nafasi hiyo itumike. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilinganishe sheria zao na kulinda mipaka. Mabwana mifugo wamhesabu punda miongoni mwa mifugo wanayoitibu. Naye mfugaji ampumzishe jike katika miezi ya mwisho ya mimba, wala asimtenge mtoto na mama kabla ya wakati. Azimio la wakuu wa nchi litapata nguvu pale tu mwanapunda atakapokua zizini hadi kufikia umri wa kazi.