Mpeleke Shoga Yako kwa Mwalimu, Lakini Nawe Ukasikilize



Sisi mafundi wawili wa Mpwapwa tuna neno kwa maharusi. Unapoandika majina ya waalikwa ukafika kwa shoga wa zamani msiyesemeshana naye, usimruke.

Yametukuta. Tulijifunza ushonaji na mwenzetu mmoja, tukila sahani moja na kuazimana mikasi. Alipoolewa alitupa sisi gauni lake. Tulilichelewesha, akatoka na nguo ya kuazima. Tukasingizia umeme. Miaka minne tukapishana sokoni kama hatujuani, na huku tunajua Mtume (s.a.w.) amekataza Waislamu kununiana zaidi ya siku tatu.

Mwaka huu tukamwita: "Njoo Alhamisi tukupeleke kwa ustadha wetu." Tuseme ukweli, tulitaka ustadha amwambie yeye kwamba kununa ni dhambi. Akaja. Ustadha akafungua Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969. Nyinyi wa Unguja mnamjua sheikh huyo kwa ukadhi, lakini kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule, na kwa kitabu chake anatufundisha hata sisi huku Ugogoni tusioiona bahari. Akatusomea Suratul Hujurat, aya ya 10, inayotuamuru kupatanisha ndugu. Kisha akatugeukia sisi: "Na pesa zake za gauni, mlimrudishia?"

Tukainamisha vichwa.

Ndiyo maana tunasema, kumkutanisha shoga na mwalimu unayemheshimu kunashinda kumpelekea zawadi. Zawadi humfanya mmoja mtoaji na mwingine mpokeaji. Mbele ya mwalimu nyote mnakaa mkekani, wanafunzi sawa. Ila usimpeleke mwenzio ili akasutwe. Kama una deni lake, lipa kwanza, usingoje kuumbuliwa kama sisi. Na kama naye ana mwalimu wake, mfuate huko, usidhani elimu iko kwenu tu.

Pesa tumemrudishia na radhi tumemwomba. Siku hizi kila Alhamisi baada ya Alasiri tunakaa naye darasani, na tukitoka tunarudi pamoja tukicheka ya zamani. Nguo bado anashonesha kwa fundi mwingine. Hatumlaumu, imani hairudi kwa siku moja.

Bi harusi, jina lile liandike. Allah atuunganishe nyoyo, amin.