Ngano ya Bwana Filburn na Darasa la Heshima



Miongoni mwa barua za juma hili imo moja iliyoandikwa kwa hati nzuri na mzee mmoja, mkulima wa mahindi wa upande wa Kitale. Asema kwamba binti yake yuko Marekani katika mwaka wa kwanza wa chuo, ajifunza uuguzi, na ufadhili wake utakatwa iwapo alama zake zitashuka. Chuo kimemtia katika darasa la heshima la somo la Serikali ya Taifa la Marekani. Juzi binti alimweleza babaye kwa simu kwamba amepewa kazi ya kusimama mbele ya wenzake aitetee Serikali dhidi ya mkulima mmoja aliyetozwa faini kwa kupanda ngano nyingi mno. Mzee auliza maswali matatu: "Muuguzi ana haja gani na mambo ya serikali? Hilo darasa la heshima ni heshima gani? Na mtoto wa mkulima afundishwaje kumshitaki mkulima? Niliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya nauli. Nishaurini kama nimwambie aliache darasa hilo."

Tumeona haifai kumjibu mzee huyu kwa faragha, kwa maana wako wazazi wengi wenye watoto ng'ambo, na makarani vijana wengi wajazao fomu za vyuo vya huko. Tutayajibu maswali yake moja baada ya moja.

Kwanza, haja ya muuguzi. Vyuo vya Marekani havifuati desturi ya Kiingereza, ambayo kwayo mwanafunzi huingia mlango wa fani yake siku ya kwanza asitoke tena. Kwao, mtu atakayekuwa muuguzi, mhandisi au mhasibu hupaswa pia kusoma masomo ya jumla, kama historia, hesabu, uandishi na serikali. Katika jimbo la Texas jambo hili halikuachwa kuwa hiari ya chuo: sheria ya jimbo yamtaka kila apataye shahada ya kwanza katika chuo cha umma awe amesoma somo la serikali, pamoja na Katiba ya Marekani na Katiba ya Texas yenyewe. Wala si kazi bure. Mwaka 1965 Bunge la Marekani, liitwalo Congress, lilitunga sheria ya kulipia matibabu ya wazee na ya maskini. Tangu hapo sehemu kubwa ya fedha za hospitali za nchi ile hupitia mikononi mwa serikali. Muuguzi asiyejua fedha hizo huamuliwa wapi na nani ni sawa na mkulima asiyejua bei ya mahindi yake hupangwa wapi.

Pili, neno heshima. Lisimdanganye mtu. Si heshima ya kuamkiwa wala ya kukalia kiti cha mbele. Ni heshima ya kuaminiwa kazi nzito. Mmoja wa walioieneza desturi hii ni Frank Aydelotte, mkuu wa chuo cha Swarthmore katika jimbo la Pennsylvania. Yeye alikuwa amesoma Oxford, na mwaka 1922 alianzisha mpango ambao kwao wanafunzi wenye bidii walikaa katika vikundi vidogo, wakajadiliana na walimu wao, kisha wakatahiniwa na wataalamu waliotoka nje ya chuo. Vyuo vingine vikaiga, kila kimoja kwa namna yake.

Tofauti yaonekana wazi katika somo la serikali. Katika darasa la kawaida wanafunzi huweza kuwa mia na zaidi ukumbini, wenye kitabu kimoja kinene na mtihani wa kuchagua jibu moja kati ya manne. Humo hujifunza kwamba Baraza la Wawakilishi lina watu 435 wachaguliwao kwa miaka miwili, Seneti ina watu 100 kwa miaka sita, Rais huchaguliwa kwa miaka minne, na majaji wa Mahakama ya Juu huteuliwa na Rais kwa idhini ya Seneti bila kuwekewa ukomo wa miaka. Hayo ni ya lazima, kama vile mkulima alivyo lazima ajue jembe na panga. Lakini kujua majina ya zana siko kulima.

Katika darasa la heshima wanafunzi aghalabu ni wachache, nao hupewa maandiko yenyewe. Husoma Katiba iliyotiwa sahihi na watu 39 mjini Philadelphia mwaka 1787. Husoma makala 85 za Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, ambazo nyingi zilitoka katika magazeti ya New York mwaka 1787 na 1788 ili kuwashawishi watu waikubali Katiba hiyo. Husoma pia maandiko ya wapinzani wao, waliohofu kwamba serikali mpya ya taifa ingeyameza majimbo. Nasi wa magazetini twafurahi kukumbusha kwamba maandiko hayo, ambayo leo wataalamu huyapekua neno kwa neno, yalianza kama makala za kuwasomesha raia wa kawaida asubuhi.

Darasa hilo halifichi doa. Katiba ile ya 1787 iliwahesabu watumwa kuwa sehemu tatu kwa tano za mtu katika kugawanya viti vya Bunge, wala haikuwapa watumwa hao haki yoyote ya kuchagua. Utumwa ulipigwa marufuku katika Katiba mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1870 ikaandikwa kwamba mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi. Hata hivyo ilikuwa mpaka sheria ya mwaka 1965 ndipo Wamarekani Weusi wa majimbo ya kusini walipopata njia ya kweli ya kuitumia kura hiyo. Mwanafunzi huulizwa: je, Katiba iliponya jeraha lake yenyewe, au iliponywa na watu walioililia? Hapewi jibu. Hutakiwa aandike lake, alithibitishe.

Sasa twalifikia swali la tatu, ambalo ndilo lililomchoma mzee wetu.

Roscoe Filburn alikuwa mkulima wa jimbo la Ohio. Alifuga ng'ombe wa maziwa na kuku, na kila mwaka alipanda ngano kidogo. Sehemu aliiuza, sehemu aliwalisha mifugo, sehemu alisaga unga wa nyumbani, nyingine akaiweka mbegu. Siku zile ngano ilijaa ghalani na bei yake katika masoko ya dunia ilikuwa imeanguka. Kwa sheria ya mwaka 1938 Serikali ilimpimia kila mkulima eneo lake, ili ngano isifurike sokoni. Na wakulima wenyewe walipoulizwa kwa kura mwaka 1941, walio wengi waliukubali mgao. Bwana Filburn alipimiwa ekari 11.1. Yeye alipanda ekari 23. Katika ekari za ziada alivuna busheli 239, yapata magunia 72 ya kilo 90 kwa kipimo chetu, akatozwa faini ya dola 117 na senti kidogo. Akakataa kulipa, akaenda mahakamani.

Hoja ya mkulima yaeleweka upesi. Katiba ya Marekani yaipa Congress uwezo wa kuisimamia biashara iliyo baina ya majimbo. Ngano iliyopandwa Ohio, ikavunwa Ohio, ikaliwa na kuku wa Ohio katika ua ule ule, haikuvuka mpaka wa jimbo lolote, wala haikuuzwa kwa mtu. Serikali ya taifa yaingiaje hapo?

Hoja ya Serikali yataka subira. Mwaka 1941 mkulima wa Marekani alipata kama dola 1 na senti 16 kwa busheli, hali bei ya dunia ilikuwa kama senti 40. Bei ile nzuri haikushuka kutoka mbinguni; ilishikiliwa na mgao. Mkulima alaye ngano yake haendi sokoni kununua ya mwenziwe, na wakati wowote bei ipandapo aweza kuitoa ghalani akaiuza. Peke yake hatikisi soko. Lakini wakifanya hivyo maelfu, mgao huvunjika na bei huanguka kwa wote, pamoja na wale walioitii sheria. Mwezi wa Novemba 1942 majaji wote walioketi walikubaliana na Serikali, na hukumu ikaandikwa na Jaji Robert Jackson. Msingi wake ni ule ambao wazee wetu waliusema kwa maneno matano tu: haba na haba hujaza kibaba.

Basi, mzee wetu, binti yako hakufundishwa kumchukia mkulima. Amepewa upande ulio mgumu kwake kwa sababu ndio asioujua. Angepewa kumtetea Bwana Filburn, angesema yale aliyoyasikia jikoni kwenu tangu utotoni, akapigiwa makofi, akatoka kama alivyoingia. Na mwalimu wa darasa kama hilo huweza kumgeuza muhula usijaisha, amwambie asimame upande wa pili. Hapo ndipo mtu ajuapo kama alikuwa na hoja au alikuwa na hasira tu.

Tena habari haikukomea hapo. Mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, Rais Harry Truman aliviamuru viwanda vya chuma vitwaliwe na Serikali ili mgomo usiisimamishe kazi. Mahakama ya Juu ikamkatalia, majaji sita kwa watatu. Mmoja wa wale sita alikuwa Jackson yule yule, aliyeipa Serikali ushindi juu ya ngano. Alieleza kwamba uwezo wa Rais huwa mkubwa mno atendapo pamoja na Bunge, na huwa mdogo mno atendapo kinyume cha mapenzi ya Bunge. Mwanafunzi aliyedhani kwamba majaji hugawanyika kuwa watu wa Serikali na watu wa raia hulazimika kufikiri upya. Na mwaka 1995 Mahakama hiyo, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliitangua sheria ya Congress iliyokataza bunduki karibu na shule, kwa kuwa haikuona biashara ndani yake. Maana kama kila haba hujaza kibaba, ni jambo gani la mwanadamu litakalobaki nje ya mkono wa Serikali? Mjadala huo bado unaendelea, na darasa la heshima humwalika kijana aingie ndani yake badala ya kuuchungulia dirishani.

Sisi wa Kenya hatuko mbali na mambo hayo. Katiba yetu ya mwaka 2010 ina Rais asiyekuwa mbunge, ina Seneti, ina Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 mahakama hiyo ilitangua uchaguzi wa Rais. Ajuaye jinsi wengine walivyojenga nyumba ya namna hii, na pale ilipowavujia, atakuwa na macho ya kuiangalia yetu.

Sasa shauri letu. Jambo la alama si dogo, wala hatutamdanganya mzee kwa maneno matamu. Darasa la heshima lina kuandika kwingi na kusoma kwingi, na ufadhili ukipotea, hoja nzuri haitalipa karo. Kwa hiyo binti na amwendee mwalimu wake mapema, amweleze sharti la ufadhili wake, amwulize waziwazi jinsi alama zitolewavyo. Vyuo vya huko huwa na tarehe ambayo kabla yake mwanafunzi huweza kuacha darasa bila kuharibu kumbukumbu yake; aijue tarehe hiyo kama ajuavyo siku yake ya kuzaliwa. Akiona mzigo wamzidi, ahamie darasa la kawaida bila haya. Lakini asiliache kwa sababu amepewa upande asioupenda.

Nawe, mzee wetu, una kazi. Wewe wazikumbuka siku ambazo gunia la mahindi halikuvushwa kutoka wilaya hata wilaya bila kibali, na mtu aliyempelekea ndugu yake chakula aliweza kusimamishwa barabarani kama mwizi. Wajua pia jinsi bei ianguakavyo wakati wa mavuno, kila mtu aletapo mahindi siku moja. Hayo yote mawili hayapatikani kikamilifu katika vitabu vya maktaba ya chuo kile. Mpigie simu binti yako, umsimulie. Hataweza kuitetea Serikali vema mpaka ameijua hoja ya mkulima katika nguvu zake zote, na hoja hiyo hana wa kumfundisha kukushinda wewe.

Akishamaliza kusema mbele ya wenzake, twaomba utuandikie tena utuarifu ilikuwaje.