Soma Kifungu cha 49 Kama Mtu Atakayekamatwa Ijumaa

Kuna swali ambalo kila mwanafunzi wa Historia na Serikali analijua hata kabla ya kufungua karatasi ya KCSE: taja haki tano za mtu aliyekamatwa. Maksi tano za bure. Unaandika haki ya kunyamaza, haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, haki ya kuwasiliana na wakili, haki ya kufikishwa kortini, haki ya dhamana. Dakika tatu umemaliza, unaingia swali linalofuata.

Sasa mimi nakuuliza langu. Umekamatwa Alhamisi saa mbili usiku ukitoka kununua chipsi. Kisheria, siku ya mwisho ya kukufikisha kortini ni gani?

Nimewauliza madogo wengi wa mtaa wetu wanaojiandaa kwa mtihani. Karibu wote hunijibu haraka: Ijumaa saa mbili usiku, kwa sababu sheria inasema saa 24. Hawa ni watu wanaopata maksi tano kwa tano kwenye lile swali la kwanza. Na hapo ndipo shida yangu na vile tunavyosoma inapoanzia.

Niseme mapema mimi si wakili na si mwalimu. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa kabisa, na wale hupenda kunikumbusha hilo kwenye komenti wanakaribishwa. Lakini kusoma Katiba hakuhitaji digrii. Inahitaji mtu anayejua kusoma na mwenye saa moja.

Kenya hatuna somo la sekondari linaloitwa Sheria. Sheria yetu imewekwa ndani ya Historia na Serikali, hasa karatasi ya kwanza, sehemu C. Hiyo sehemu ina maksi 30: unapewa maswali matatu, unajibu mawili, kila moja maksi 15. Humo ndimo kuna Katiba, uraia, haki za binadamu, Bunge, mahakama, serikali za kaunti. Na kwa sababu wengi huacha Historia wakiingia kidato cha tatu, kuna Wakenya kibao ambao mara ya mwisho kufundishwa haki zao darasani walikuwa na miaka 15. Kwa hivyo wewe uliyebaki na hilo somo umebeba kitu ambacho nyumbani kwenu pengine hakuna mwingine anacho. Swali ni kama umekibeba vizuri.

Tatizo ni noti. Noti zetu ni muhtasari wa kitabu, na kitabu ni muhtasari wa Katiba. Kufikia wakati unakariri, umepata mfupa bila nyama. Noti inasema: "kufikishwa kortini ndani ya saa 24." Kifungu cha 49 chenyewe kinasema ufikishwe haraka iwezekanavyo, isipite saa 24 tangu ukamatwe. Halafu kinaendelea: kama hizo saa 24 zinaisha nje ya saa za kawaida za korti, au siku ambayo si ya korti, basi ni kabla ya mwisho wa siku ya korti inayofuata.

Rudi kwa swali langu. Ulikamatwa Alhamisi saa mbili usiku, saa 24 zinaisha Ijumaa saa mbili usiku. Korti imefungwa. Siku ya korti inayofuata ni Jumatatu. Ikiwa Jumatatu ni sikukuu, hesabu Jumanne.

Sasa unaelewa kwa nini mtaani tunaogopa "kamatakamata Friday". Anayetaka ulale ndani wikendi nzima hahitaji kuvunja kipengele cha saa 24. Anahitaji tu kuangalia kalenda. Yeye anajua hiyo sentensi ya pili. Wewe uliyeifanyia mtihani huijui.

Wacha niwape mfano niliouona karibu. Kuna kijana wa mtaa wetu, kidato cha nne, miaka 17, alishikwa Ijumaa jioni pamoja na wengine kwenye msako. Kituo sitakitaja. Mamake alikaa kwenye benchi Jumamosi yote akiamini kwamba ikifika jioni atatolewa, kwa sababu dadake, naye mwanafunzi wa Historia, alikuwa amemhakikishia ni saa 24. Jioni ikafika, wakaambiwa Jumatatu. Wakaenda nyumbani. Kijana akalala humo siku tatu, seli moja na watu wazima.

Yule dada hakusema uongo. Noti yake ndiyo ilikuwa fupi. Na kuna mambo mawili ambayo kama mtu angekuwa ameyasoma, angekuwa na kitu cha kusema pale kaunta badala ya kulia.

La kwanza liko hapo hapo kwa Kifungu cha 49. Haki ya kuachiliwa kwa dhamana, kwa masharti yanayofaa, ni wakati unasubiri kushtakiwa au kesi yako kusikizwa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kukuzuia. Hilo neno "kusubiri kushtakiwa" ni muhimu sana. Maana yake si lazima hakimu awe amekuona ndipo uanze kuzungumzia dhamana. Unaweza kuiomba ukiwa bado kituoni.

La pili liko Kifungu cha 53, na wanafunzi wengi hawafiki huko kwa sababu kinaitwa haki za watoto na kila mtu wa kidato cha nne anajiona mzee. Katiba inasema mtoto ni mtu ambaye hajafika miaka 18. Kwa hivyo wewe wa miaka 17 na ndevu zako tatu ni mtoto. Na mtoto hazuiliwi isipokuwa kama hatua ya mwisho kabisa, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi iwezekanavyo na atengwe na watu wazima. Katika sentensi zote za Katiba, hii ndiyo inayomhusu mwanafunzi wa sekondari moja kwa moja zaidi, na bado mwenyewe haijui.

Najua utaniambia nini. "Buda, mimi nataka A. Hizo zingine nitazijua nikikamatwa." Au mwalimu atasema silabasi ni kubwa, ana madarasa matano, hana wakati wa kusoma Katiba mstari kwa mstari. Ya mwalimu naielewa kabisa. Lakini hata kwa hesabu ya maksi peke yake, kukariri orodha ni biashara mbaya.

Angalia vile maswali ya sehemu C hukaa. Kipande cha kwanza husema "taja" au "toa", kila hoja maksi moja. Kipande cha pili husema "eleza", na hapo kila hoja ni maksi mbili. Ukiulizwa ueleze haki tano kwa maksi kumi na ukaandika "haki ya kunyamaza", umechukua nusu ukaacha nusu mezani. Maelezo yatatoka wapi kama ulichosoma ni orodha tu? Yanatoka kwa kifungu chenyewe: kwamba lazima uelezwe pia kitakachokupata usiponyamaza, kwamba huwezi kulazimishwa kukiri kosa kwa maneno yatakayotumiwa dhidi yako, kwamba sababu ya kukamatwa uelezwe kwa lugha unayoielewa, kwamba usichanganywe na waliohukumiwa tayari. Aliyesoma Katiba hatungi maelezo, anakumbuka tu.

Na kuna mitego ambayo noti haiwezi kukuokoa. Uliza darasa zima ni haki gani haziwezi kuwekewa mipaka yoyote. Wa kwanza kuinua mkono atasema haki ya kuishi. Si hiyo. Kifungu cha 25 kinataja nne: kutoteswa wala kutendewa kinyama, kutofanywa mtumwa, kusikizwa kwa haki kesi yako, na agizo la habeas corpus, yaani lile la kutaka aliyezuiliwa aletwe mbele ya korti. Haki ya kuishi iko Kifungu cha 26, na chenyewe kinakubali kwamba Katiba au sheria nyingine iliyoandikwa inaweza kuweka hali ambapo inaondolewa. Unaweza kukasirika, mimi pia nilishtuka, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Sasa, njia yangu. Bado una muda kabla ya Novemba.

Sura ya Nne, ile ya haki, inaanzia Kifungu cha 19 hadi cha 59. Hivyo ni vifungu 41. Kimoja kwa siku, umemaliza kwa wiki sita ukiwa umepumzika Jumapili moja. Vingine ni mistari mitatu tu. Katiba nzima iko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, hata simu ya kioo kilichopasuka inaifungua. Ukikosa bando, chapisha kurasa za Sura ya Nne saiba, mchangie na wenzako.

Kila kifungu kiulize maswali matatu. Nani? Lini? Isipokuwa nini?

Jaribu na Kifungu cha 37. Nani: kila mtu. Si kila raia, si kila mtu mzima. Linganisha na Kifungu cha 38 cha haki za kisiasa, ambacho huongea juu ya raia. Mtahini anapenda hiyo tofauti. Kufanya nini: kukusanyika, kuandamana, kusimama mahali kupinga jambo, na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma. Isipokuwa nini: iwe kwa amani na bila silaha. Hayo maneno ya mwisho ukiyasahau kwenye karatasi umepoteza maksi. Ukiyasahau barabarani, umempa karao sababu.

Kisha mfundishe mtu. Mweleze mathe akikata sukuma, mweleze jamaa wa nduthi pale stejini. Akikuuliza swali ukakwama, umejua pa kurudi usiku huo. Na usimweleze kwa Kiingereza cha kitabu. Kuna tafsiri ya Kiswahili ya Katiba yetu, na Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Kifungu cha 7. Soma zote mbili, ila ujue kwamba nakala zikigongana, Kifungu cha 259 kinasema ile ya Kiingereza ndiyo inashinda. Mimi hilo linaniuma kidogo, lakini tusidanganyane.

Mwisho, karatasi za miaka iliyopita zifanye baada ya kusoma Katiba, si kabla. Ukianza nazo unajifunza vile swali huulizwa. Ukimaliza nazo unagundua kama unajua jibu.

Na asiniambie mtu kwamba vijana wa Kenya hawawezi kusoma sheria, kwamba ni ndefu, inachosha. Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha. Watu wa rika letu waliuchambua kipengele kwa kipengele, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauweka TikTok. Kifungu cha 37 kilizunguka kwenye simu kuliko mistari ya wimbo wowote. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, tarehe 26 Rais akasema hatautia saini. Watu walikufa katika wiki hizo, na wengi walikamatwa. Waliokamatwa hawakupewa karatasi ya maswali. Kila mmoja aliingia seli na kile alichokuwa nacho kichwani.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema huu ni mtihani tu. Hesabu ukisahau utatumia kikokotoo. Majina ya mito utayatafuta kwenye simu. Lakini Kifungu cha 49 utakihitaji siku ambayo simu imechukuliwa kaunta, mshipi umevuliwa, na nje mama anauliza maswali ambayo hakuna anayejibu. Hiyo siku huwezi kutafuta kitu.

Kwa hivyo ukifungua daftari leo jioni, weka noti kando kwa nusu saa. Fungua Kifungu cha 19. Soma polepole, andika yale maswali matatu pembeni, ujibu kwa maneno yako. Kesho cha 20. Ukifika cha 49, kisome mara mbili, halafu umsomee dogo wenu.