Kupima Nafasi ya Udahili: Wajibu wa Busara kwa Familia za Bonde la Kilombero

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, familia nyingi za Mlimba huingia katika kipindi kifupi chenye maamuzi makubwa. Mpunga umekwisha kuvunwa, magunia yako ghalani, na kijana anasubiri kujua ataomba chuo gani na programu gani. Wiki chache zinazofuata huamua mengi kuhusu maisha yake, na mara nyingi huamua pia matumizi ya mavuno ya nyumba nzima. Ni vema basi kutazama kwa utulivu jinsi udahili unavyofanyika, ili tumaini la wazazi lisijengwe juu ya mchanga.

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, waombaji wa shahada ya kwanza hapa nchini hutuma maombi moja kwa moja katika vyuo. Hawapangiwi tena na mfumo wa pamoja uliokuwa chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tume imebaki na kazi ya kuweka viwango, kuhakiki waliochaguliwa na kutoa kitabu cha mwongozo wa udahili. Uhuru huu wa kuchagua umekuja na wajibu wake: tathmini ya nafasi ya kupata chuo sasa imo mikononi mwa mwombaji mwenyewe na wale wanaomshauri.

Kosa la kwanza linalowapata wengi ni la hesabu. NECTA hupanga madaraja kwa kuhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4 na E kuwa 5; kwa hesabu hiyo, jumla ndogo ndiyo bora. TCU huhesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, hapa jumla kubwa ndiyo bora. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Fizikia, Kemia na Biolojia aliyepata C katika Kemia, C katika Biolojia na D katika Fizikia. Kwa NECTA ana pointi 10, yaani daraja la pili. Kwa udahili ana pointi 8. Mzazi akisikia “kumi” na kuipeleka kwenye mwongozo wa TCU, atamwona mwanawe ana uwezo kuliko alio nao kweli mbele ya chuo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kutimiza sifa ni sawa na kuchaguliwa. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, sifa ya jumla ya kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, nazo programu nyingi zina masharti ya ziada. Sifa hiyo humruhusu mtu kusimama mlangoni tu. Waombaji wenye sifa wakizidi nafasi, chuo huanza na wenye ufaulu wa juu na kushuka hadi nafasi zinapokwisha. Ndiyo maana mwongozo wa TCU huonyesha, pamoja na masharti ya kila programu, idadi ya nafasi zake. Mwombaji anayesoma masharti na kuruka idadi hiyo amesoma nusu ya habari.

Jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee sisi wa jimbo hili. Ifakara tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Mtakatifu Fransisko, kinachofundisha udaktari wa binadamu jirani na hospitali inayobeba jina lilelile. Kijana wa Mlimba anakiona kuwa chuo cha nyumbani, na ni haki yake kujivunia. Hata hivyo, waombaji wake hutoka nchi nzima, na udaktari ni miongoni mwa programu zenye ushindani mkali popote zinapofundishwa. Ukaribu wa makazi hauongezi pointi, wala barua ya paroko haiongezi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu na kutekeleza. Mpangilio huo unafaa sana hapa.

Kutafuta shauri ni kuwauliza wanaojua: mwalimu wa taaluma, wanafunzi waliodahiliwa mwaka uliopita katika programu hiyohiyo, na ofisi ya udahili ya chuo chenyewe. Swali la kuuliza si “sifa ni zipi?” peke yake, bali pia “mwaka jana wa mwisho kuchaguliwa alikuwa na pointi ngapi?” Jibu lake si ahadi kwa mwaka huu, kwa maana ufaulu na idadi ya waombaji hubadilika, lakini ni kipimo kilicho karibu zaidi na ukweli kuliko matamanio.

Kuhukumu ni kupanga machaguo katika ngazi tatu. Iwepo programu moja ambayo kijana anaitamani ingawa ushindani wake unamzidi kidogo. Ziwepo mbili au zaidi ambazo pointi zake zinalingana na za waliochaguliwa awali. Na iwepo moja ambayo pointi zake zinaizidi kwa wazi. Hiyo ya mwisho ichaguliwe kwa heshima ileile, iwe programu ambayo yuko tayari kuisoma kwa moyo. Anayejaza udaktari katika vyuo vyote hana machaguo mengi. Ana chaguo moja lililoandikwa mara nyingi.

Upo pia upande wa pili wa kosa, yaani woga. Mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini alijilinda asipate hasara, na kwa hilo alilaumiwa. Binti mwenye ufaulu mzuri anayeomba programu asiyoitaka kwa kuwa ameambiwa vyuo vikubwa si vya watoto wa wakulima, naye amefukia kitu.

Kutekeleza ni kufanya mambo kwa wakati. Udahili huenda kwa awamu, na awamu ya kwanza ndiyo yenye nafasi zote. Zinazofuata hutegemea zilizobaki au kuachwa. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa. Vijana wengi wa kwetu huombewa vyuo steshenari, na mara nyingine namba ya simu au barua pepe inayojazwa si yao. Siku ya kuthibitisha, ujumbe unaangukia kwa mtu mwingine. Kila mwombaji ajaze namba yake mwenyewe na kutunza nywila zake. Tena kuthibitisha mapema ni tendo la haki, kwani nafasi usiyoihitaji inasubiriwa na mwenzako.

Hesabu ya pointi haikamiliki bila hesabu ya fedha. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kupima kama ana cha kumalizia. Udahili na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB) ni mambo mawili tofauti. Kupata kimoja si kupata kingine. Familia iulize ada ya mwaka mzima, malazi na nauli, kisha ijiulize kama itaweza iwapo mkopo utakuwa pungufu. Kuuza mpunga wote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ili kulipia mwaka wa kwanza pekee, ni kuanza mnara bila matofali ya juu.

Kwa asiyefikia shahada, njia haijafungwa. Stashahada yenye wastani wa alama 3.0 hufungua mlango wa shahada katika programu nyingi, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 baadhi ya fani za stashahada nazo hupewa mikopo. Lakini katika vyuo vya afya ngazi ya kati, ufaulu unaohesabiwa ni wa masomo yasiyo ya dini. Alama nzuri ya Maarifa ya Biblia, pamoja na thamani yake, haitajaza pengo la Kemia.

Parokia zetu zina walimu, wauguzi na wahitimu wengi. Jumapili moja baada ya Misa, matokeo yakishatoka, wakiketi na vijana wakiwa na mwongozo wa TCU mezani, wataziokoa nyumba nyingi na gharama na machozi. Jumuiya ndogondogo zianze kuwaorodhesha waombaji wao sasa, kabla awamu ya kwanza haijafungwa.